Zamu, pamoja, wawili wawili au kurudia: njia ipi itamfanya mwanafunzi wako asome kwa ufasaha?

Mwalimu wa Darasa la Pili pale Igoma au Buhongwa jijini Mwanza, mwenye watoto 90 katika chumba kimoja, hakosi njia za kufundisha kusoma. Anazo nyingi: zamu, pamoja, wawili wawili, kurudia kifungu, kusoma kimya, ngonjera. Kwenye andalio la somo zote huandikwa "kusoma" na zote hujaza kipindi, lakini hazimfikishi mtoto mahali pamoja. Hapa tunazipima kwa maswali mawili. Ndani ya kipindi cha dakika 30, kila mtoto anasoma yeye mwenyewe kwa muda gani? Na akikosea, nani anamsikia?

Kwanza ujue mtoto amekwama wapi

Msomaji fasaha husoma kwa usahihi, kwa kasi isiyomchosha anayemsikiliza, na kwa sauti inayopanda na kushuka kama ya mtu anayezungumza. Kwa nini tuhangaike na hayo matatu? Watafiti David LaBerge na S. Jay Samuels walilieleza vizuri huko Marekani mwaka 1974: umakini wa akili una kiasi chake, na mtoto anayeumalizia wote kwenye kuunganisha herufi habakiwi na wa kuelewa maana. Ndiyo maana unamkuta mtoto amemaliza aya nzima bila kosa, lakini ukimuuliza wavuvi walirudi na nini anakutazama tu.

Kwa Kiswahili, kukwama huko kunasikika kwa sikio. Maandishi yetu yanasomeka kama yalivyoandikwa, kwa hiyo mtoto akishazijua silabi anaweza kulisoma karibu neno lolote, polepole. Wengi huishia hapo: wa-li-shu-sha da-ga-a, kila silabi na uzito uleule. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na anayesoma silabi mojamoja hawezi kuuweka kwa kuwa hajui neno linaishia wapi mpaka alifikie. Basi sikiliza mkazo. Siku unaposikia "waliSHUsha" badala ya silabi nne zilizopangwa mstari, mtoto ameanza kuona neno zima.

Kupima hakuhitaji vifaa. Andaa kifungu cha maneno 30 hadi 50 ambacho mtoto hajakiona, muite pembeni, washa saa ya simu, na kwenye nakala yako piga mstari mdogo juu ya kila neno alilokosea. Chukua maneno aliyoyasoma, toa makosa, zidisha kwa 60, gawanya kwa sekunde alizotumia. Maneno 32 yaliyosomwa kwa sekunde 75 na makosa 2 yanakupa 30 × 60 ÷ 75, yaani maneno 24 sahihi kwa dakika. Namba hiyo usiilinganishe na majedwali ya Kiingereza yanayozunguka kwenye makundi ya walimu. Neno letu moja kama "hawakutupelekea" ni sentensi kamili na lina silabi nane. Mlinganishe mtoto na alivyosoma mwezi uliopita.

Na lafudhi ya nyumbani usiihesabu kuwa kosa. Kanda ya Ziwa tuna watoto wengi wanaoingia darasani na Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kizinza, na kubadilishana r na l ni jambo la kila siku. Anayesoma "zahabu" penye dhahabu, au "barabala" penye barabara, amelisoma neno. Ukiwa na shaka muulize maana: akitamka "kula" penye "kura" halafu akakueleza habari za uchaguzi, ameelewa.

Kuna kundi moja ambalo njia zote zilizo hapa chini haziwafai bado. Mtoto anayekosea zaidi ya neno moja katika kila kumi hajafikia hatua ya ufasaha. Huyo anarudi kwenye silabi zenye herufi mwambatano: mbw, ndw, nyw, shw, ng', njw. Ukimlazimisha arudierudie kifungu asichokiweza, anazoea makosa yake.

Zikiwekwa kando kwa kando

Darasa la watoto 90, kipindi cha dakika 30:

| Njia | Muda wa kila mtoto kusoma | Anayelisikia kosa | Nakala |
|---|---|---|---|
| Zamu | chini ya sekunde 20 | mwalimu na darasa zima | moja kwa kila dawati |
| Pamoja na mwangwi | dakika 8 hadi 10 | karibu hakuna | bango moja la manila |
| Wawili wawili | dakika 5 hadi 8 | mwenzake | moja kwa kila wawili |
| Kurudia kwa kupimwa | dakika 3 hadi 4, kwa watoto 6 tu | mwalimu | mbili |
| Kimya | dakika 15 hadi 20 | hakuna | kila mtoto chake |

Kusoma kwa zamu

Ndiyo njia iliyozoeleka kuliko zote, na kwa ufasaha ndiyo dhaifu kuliko zote. Dakika 30 ni sekunde 1,800. Ukizigawa kwa watoto 90 kila mmoja anapata 20, na hapo hujatoa muda wa kusimama, kutafuta mstari na kupokezana kitabu. Wanaosubiri hawafuatilii, wanahesabu mistari ili kujua upi utawaangukia. Aliye dhaifu anasimama mbele ya wenzake wote, na kabla hajamaliza silabi ya pili ya neno gumu darasa limeshamtajia. Hajasoma, ameaibika tu.

Iacheni kama njia ya kila siku. Inabaki na kazi moja nzuri, ambayo ni kutafuta ushahidi wa jibu: "Nani anisomee sentensi inayoonyesha kwamba mvua ilikuwa karibu?" Hapo msomaji ana sababu ya kusoma na wengine wana sababu ya kusikiliza.

Kusoma kwa pamoja na mwangwi

Hii ni njia ya darasa lisilo na vitabu. Kifungu kimoja cha sentensi tano au sita kinaandikwa kwenye manila kwa herufi zenye urefu wa sentimita 4 hadi 5 ili anayekaa nyuma aone, kinabandikwa, na kinatumika wiki nzima. Mwalimu anasoma kwanza kifungu chote kwa mwendo wa kawaida wa kuzungumza. Kisha mwangwi: anasoma sentensi, darasa linairudia likifuata kijiti chake. Mwisho wote wanasoma pamoja, yeye akipunguza sauti kadiri watoto wanavyoshika.

Faida yake kubwa ni kiimbo, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Mtoto ambaye hajawahi kusikia maandishi ya Kiswahili yakisomwa vizuri anayasikia hapa, na aliye na haya anajaribu bila kuonekana.

Inapoharibika, huharibika kwa kuimba. Darasa linaingia kwenye mahadhi yake, kila silabi inavutwa, na kufikia Jumatano watoto wanakisema kifungu wakiwa wanatazama dirishani. Chanzo mara nyingi ni kijiti kinachogonga silabi mojamoja. Kipitishe chini ya neno zima kwa mwendo wa sauti, ukisimamishe kwenye mkato na nukta. Halafu vunja mazoea: simama katikati ya sentensi na uone nani ameendelea peke yake, waite wa safu ya dirishani tu, au gusa neno la mstari wa nne bila mpangilio na uulize hili ni neno gani. Wakishindwa kulitaja, wamekariri.

Kuna jambo jingine ambalo wa huku wanalijua. Mvua ikipiga bati, njia hii inakufa. Hata mwalimu mwenye koo la kuhubiri hasikiki safu ya tatu. Weka akiba ya kazi ya kimya kwa siku hizo.

Wawili wawili

Kama shule ina kitabu kimoja kwa wanafunzi wawili au watatu, hii ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza. Dakika za kusoma zinapatikana kwa kila mtoto, na kuna sikio karibu.

Jambo la kuamua mafanikio yake ni namna ya kuwapanga. Walimu wengi humweka wa kwanza pamoja na wa mwisho kwa nia njema, na matokeo yake ni kwamba wa kwanza anachoka na wa mwisho ananyamaza. Panga majina kwa alama za kipimo, kata orodha katikati, kisha namba 1 akae na 46, namba 2 na 47, hadi 45 na 90. Tofauti kati ya wawili inabaki ya wastani kote. Wabadilishe kila baada ya wiki tatu au nne, na usiwatangazie nani ni "mwenye nguvu". Waite A na B, basi.

Kipindi kinakwenda hivi. Dakika 3 za kukaa na kufungua ukurasa. Mwalimu anasoma kifungu mara moja kwa sauti, dakika 2. A anasoma kifungu hichohicho dakika 5, B akifuata kwa kidole. B anakisoma dakika 8, naye ndiye mwenye muda mrefu zaidi kwa kuwa ndiye mwenye haja. Kisha A anamwuliza B maswali mawili, ni nani na alifanya nini, na B anamwuliza A moja. Dakika zinazobaki ni za mwalimu kuwasikiliza jozi chache mbele ya wote.

Kusahihishana kunafundishwa kama somo, vipindi viwili vizima kabla njia haijaanza. Mwenzako akikwama, hesabu kimoyomoyo hadi nne. Asipolipata, mtajie neno. Alirudie, kisha aanze sentensi upya toka mwanzo. Hilo la kuanza sentensi upya ndilo watoto hulisahau na ndilo lenye faida, maana neno lililotajwa peke yake halirudi kwenye maana. Hatua ya kuhesabu hadi nne ipo kwa sababu A wote duniani wana haraka.

Dawati la watatu halizuii kitu. Wa tatu, C, anashika kazi ya kuuliza maswali, na kesho wanazunguka. Kelele ipo, na mwalimu mkuu aelezwe mapema. Jozi 45 zikisoma kwa sauti ya kunong'ona zinasikika nje. Kelele ya kuhofia ni ya aina nyingine: kicheko. Jozi ambayo A anamcheka B ivunjwe siku hiyohiyo.

Shida inayobaki ni makosa ambayo A naye hayajui. Ndiyo maana mwalimu husoma kwanza, na ndiyo maana anazunguka na daftari akiandika maneno yanayokwamisha jozi nyingi, ayapeleke ubaoni kesho.

Kurudia kwa kupimwa

Samuels aliieleza njia hii mwaka 1979, na hadi leo ni miongoni mwa zenye nguvu zaidi kwa mtoto anayesoma kwa usahihi lakini polepole. Jopo la kitaifa la usomaji la Marekani lililotoa ripoti yake mwaka 2000 lilikuta kwamba kusoma kwa sauti kwa kurudia, chini ya mtu anayeongoza, kunaongeza usahihi, kasi na ufahamu.

Chukua kifungu hiki cha maneno 32:

*Alfajiri mitumbwi ilirudi mwaloni. Wavuvi walishusha dagaa kwenye ndoo. Bibi mmoja aliwaanika juani, akawageuza mara mbili. Jioni walikuwa wamekauka, lakini wingu zito lilitokea upande wa Ukerewe. Watoto wakakimbia kuwakusanya kabla mvua haijanyesha.*

Mara ya kwanza mtoto anatumia sekunde 75. Anasoma "aliwanika", amemeza a moja, na "haijanesha". Usimkatize kwa kila kosa. Piga mstari, akimaliza mrudishe kwenye hayo mawili tu. Andika neno pembeni na ulikate kwa vipande vya maana badala ya silabi: ali | wa | anika, hai | ja | nyesha. Vipande vya mbele ndivyo vinavyojirudia kila ukurasa. Mtoto anayeona ali-, wali-, wame-, waka-, haija- kwa mtazamo mmoja ameshapunguza nusu ya kazi ya kusoma vitenzi vyetu. Viandike kwenye kadi na uvionyeshe harakaharaka kila asubuhi.

Mara ya pili, sekunde 60 na kosa moja: maneno 31 kwa dakika. Mara ya tatu, sekunde 48 bila kosa: maneno 40. Mchoree nukta tatu kwenye karatasi yenye miraba, moja kwa kila jaribio, aone mstari unavyopanda. Ukifika mara ya nne ishia hapo. Baada ya hapo kinachoongezeka ni kukariri, na faida hupungua sana. Kifungu kipya kesho, chenye maneno mengi yaleyale, ndicho kipimo cha kweli: je, anaanza juu kidogo kuliko jana alivyoanza?

Gharama yake ni mwalimu. Kila mtoto anakula kama dakika 5 ukijumlisha kusahihisha, yaani watoto 6 kwa kipindi, na darasa la 90 linahitaji vipindi 15 kuzunguka mara moja. Haiwezekani kuwa njia ya darasa zima. Ni ya watoto 10 au 12 waliochaguliwa kwa kipimo, kabla ya namba au baada ya uji, mara tatu kwa wiki.

Hatari yake ni saa. Mtoto akidhani anashindana na sekunde, anaruka mikato na nukta, anafika mwisho akihema. Dawa ni ndogo: kabla ya kumwambia muda wake, muulize, "Kwa nini watoto walikimbia?" Asipojibu, jaribio hilo haliandikwi. Atajifunza upesi kwamba kasi bila maana haihesabiwi.

Ngonjera na maigizo ya kusoma

Hapa mtoto ana sababu halali ya kurudia kifungu mara kumi: Ijumaa atakisoma mbele ya wenzake. Hakuna njia inayojenga kiimbo kama hii, maana mzee mkali na mtoto mtundu hawasomwi kwa sauti moja. Gawa mazungumzo ya kurasa mbili kwa wasomaji watano au sita, mazoezi ya dakika 15 Jumatatu hadi Alhamisi, maonyesho Ijumaa.

Sharti moja: karatasi ibaki mkononi. Shule zetu zina mazoea mazuri ya ngonjera za siku ya wazazi, lakini zile hukaririwa, na aliyekariri kwa kusikia hajasoma hata mstari. Kwa ajili ya ufasaha, badilisha wahusika siku ya Jumatano ili kila mmoja alazimike kuyatazama maandishi.

Kusoma kimya, na kusoma ukisikiliza

Kuhusu kusoma kimya peke yake, jopo lile la mwaka 2000 halikupata ushahidi wa kutosha kwamba kunaleta ufasaha. Kwa mtoto anayekwamia silabi, dakika 20 za kimya ni dakika 20 za kutazama picha. Aliyevuka maneno 60 au 70 kwa dakika katika vifungu vya darasa lake, huyo mpe vitabu vingi vya ziada, vyepesi kuliko unavyodhani, na umpeleke Maktaba ya Mkoa kama yuko mjini. Kurudia kifungu hakumsaidii tena, kunamchosha.

Kusoma ukisikiliza kunafaa nyumbani, hasa visiwani na kwenye mialo ambako mahudhurio hupanda na kushuka. Mwalimu anarekodi kifungu kwenye simu kwa mwendo wa kawaida, si wa kuburuta, anakituma kwa mzazi au kwenye kadi ya kumbukumbu. Mtoto anasikiliza mara mbili kidole kikiwa chini ya maneno, mara ya tatu anasoma pamoja na sauti, ya nne anazima. Bila karatasi mbele yake, hiyo ni hadithi ya redio. Kwa somo la Kiingereza, ambako herufi hazimwambii mtoto neno linatamkwaje, njia hii inapanda juu kabisa ya orodha.

Uchague ipi

Darasa la Kwanza muhula wa pili, au darasa lisilo na vitabu: pamoja na mwangwi, lakini lisiende zaidi ya dakika 12, zinazobaki wapewe kadi za silabi. Darasa la Pili na la Tatu lenye vitabu vya kushirikiana: wawili wawili siku tatu kwa wiki, bango la pamoja siku moja, ngonjera siku moja. Darasa la Nne na kuendelea, wenye nguvu waende kwenye vitabu vya ziada na muda wako wote wa ziada uwe wa wale wanaosoma polepole, kwa kurudia na kupimwa. Darasa la 40 linakuruhusu kuchanganya zaidi; la 120 linakulazimisha uanze na jozi, kwa sababu peke yako huwezi kuwasikia.

Pima tena kila mwezi, watoto 5 kwa siku kabla ya kengele, utawamaliza 90 kwa siku 18 za shule. Mtoto ambaye amekaa wiki sita kwenye kurudia na mstari wake haupandi, usimwongezee vifungu. Mpe karatasi aishike mwenyewe uone anaisogeza hadi wapi usoni, kaa nyuma yake umtajie maneno kwa sauti ya chini ayarudie, na umuulize mzazi kama mtoto husogelea sana televisheni au huitwa mara tatu ndipo aitike. Ukiona dalili mojawapo, barua ya kwenda kliniki ya macho au masikio ya hospitali ya mkoa iandikwe wiki hiyohiyo, na darasani ahamie dawati la mbele kuanzia kesho.